Istikhara Niliyoisingizia

Jumapili, 12 Mei. Ibra

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya maksi za wanafunzi, likabaki tupu kwa sababu skuli siku hizi maksi tunaziandika kwenye kompyuta. Nitaliandika kwa Kiswahili. Katika nyumba hii anayeweza kukisoma ni mama peke yake, na macho yake yameshaacha kazi. Binti yangu Wiam anakisema kwa kukikatakata, kukisoma hajui. Kwa hivyo humu nitasema kweli bila ya kumwogopa mtu.

Khalifa amekuja baada ya laasiri. Ni jirani yangu na rafiki yangu tangu nina miaka saba, na siku zote huingia kwa kofia na kanzu ya nyumbani, akapiga hodi akiwa ameshafika jikoni. Leo amevaa kilemba, ameshika bakora, ameleta halua, amekaa sebuleni kwenye kochi la wageni, na ameanza kuzungumza kwa Kiarabu. Sisi wawili huzungumza Kiswahili. Nikajua kuna jambo zito.

Amekuja kumposea mwanawe Maen. Anamtaka Wiam. Maen ni mhandisi kule Sur, Wiam ni mfamasia hospitali hukohuko, na kumbe wamejuana mwaka mzima kwa heshima zao. Nilifurahi. Naandika hivyo makusudi, ili nikija kujidanganya baadaye nikute hapa kwamba nilifurahi. Nimemjua Maen tangu anatambaa. Hana ila.

Kisha mdomo wangu, halua ingali ndani, ukasema, "Nipe muda, ndugu yangu, niswali istikhara, Mungu anioneshe la kheri, hata kwa ndoto."

Khalifa akanitazama kidogo. "Swali," akasema, mara hii kwa Kiswahili. "Mimi niko hapo ng'ambo ya ukuta."

Babu yake Khalifa alikuwa mtumwa wa babu yangu. Mtaa mzima unajua na hakuna anayetamka. Pasipoti zetu zina jina moja la kabila, wao na sisi, na afisa wa Maskati hawezi kutupambanua. Lakini ingia kwenye sabla, baraza letu la wanaume, utatupambanua papo hapo: tazama nani anainuka kumimina kahawa. Khalifa amestaafu jeshini na cheo kikubwa, na bado akishika dele la kahawa watu wanamnyooshea vikombe bila hata kukata mazungumzo. Mimi pia nanyoosha changu.

Jumatatu, 13 Mei

Joto digrii arobaini na tatu. Sikuswali istikhara.

Jumanne, 14 Mei

Wala leo.

Jumatano, 15 Mei

Darasa la kumi na moja tumeanza sura ya Amerika kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Naipenda sura hii na naifundisha vizuri, hata nikijisifu mwenyewe. Nimechora ramani ubaoni nikapiga mstari wa mwaka 1820: juu ya mstari hakuna utumwa, chini upo, na kila jimbo jipya linapimwa kwa mstari huo. Nikawaambia wanasiasa wale walijiona wenye busara. Walidhani wameiokoa nchi, kumbe wameahirisha tu, na kila walipoahirisha walioumia ni watu walewale ambao hawakuitwa kikaoni.

Mazoon, msichana anayekaa mbele, mtoto wa watu wa Unguja kama mimi, akainua mkono. "Ustadh, sisi hapa tulikuwa kusini au kaskazini?"

Darasa likacheka.

"Hilo halimo kwenye mtihani," nikasema, nikafuta ubao. Nilifuta na mstari wenyewe, na walikuwa hawajamaliza kunakili.

Ijumaa, 17 Mei

Nimemwambia kaka yangu Khalaf. Yeye ndiye mkubwa wetu, shamba la marehemu baba liko mikononi mwake, na kwenye sabla hukaa mbele. Nilimwambia tukila mchana baada ya swala ya Ijumaa, kwa sauti ya mzaha, utadhani nasimulia habari za watu wengine. Akaurudisha mkono kutoka kwenye sinia.

"Wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia naswali istikhara."

"Ahsant. Endelea kuswali mpaka wachoke wenyewe."

"Khalaf, Maen ni mtu mzuri."

"Nani kasema mbaya? Wallahi nampenda kuliko wanangu. Lakini watoto wa Wiam watakaa wapi kwenye sabla, mlangoni? Na Tamim wangu nitakwenda kumposea nyumba gani, watu wakisikia? Fikiri, ya akhi."

Kaka yangu si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Mke wangu alipokufa alihamia kwangu siku saba, akalala sakafuni karibu na mlango wangu ili nikiamka nisijikute peke yangu. Ningekuwa na kaka katili ningejua la kufanya.

Jumapili, 19 Mei

Khalifa amenisalimia kutoka kwake. Nimeitikia nikiwa natazama bomba la maji.

Jumanne, 21 Mei

Wiam amepiga simu kutoka Sur.

"Shikamoo, baba. Istikhara imesema nini?"

"Bado, mwanangu."

"Siku tisa, baba. Hiyo ndoto inakuja kwa miguu?"

Ana ulimi wa marehemu mama yake. Nilicheka, yeye hakucheka.

"Baba, mimi siko mtoto. Kama hutaki, sema hutaki. Maen anaweza kusikia hapana. Hii kitu ya kungoja ndiyo inatuua."

"Si kwamba sitaki."

"Khalas, sema unataka."

Nikamwambia simu inakatika. Simu ilikuwa safi kabisa.

Ijumaa, 24 Mei

Nilimtegemea mama. Bi Tahira ana miaka themanini na sita, amekulia Malindi, Unguja, na tulipofika Ibra mwaka 1974 wanawake wa hapa walimcheka Kiarabu chake na kumwita mshamba wa Kizanzibari. Mtu wa kwanza kumgongea mlango alikuwa mama yake Khalifa, na sahani ya vitumbua na Kiswahili kinywani. Mama huisimulia siku hiyo kila Ramadhani.

"Mama, Khalifa amemposea mwanawe, anamtaka Wiam."

"N'nasikia. Khalaf kanambia."

"Waonaje?"

"Watu wema hao. Mamake ndiye aliyenipokea mie, twalia sote pale mlangoni, hatujuani hata majina."

"Basi?"

"Basi nini, baba? Kupokeana ni kupokeana. Kuoana ni kitu chengine." Akanyoosha kikombe chake. "Hebu nitilie chai, na iliki usiibanie."

Nilitaka kumkasirikia. Nikakuta moyoni kuna raha, kwamba nimepata mtu mwengine wa kujificha nyuma yake. Naona haya kuliandika hili.

Jumatatu, 27 Mei

Darasani tumefika pale makanisa makubwa ya Amerika yalipogawika, watu wa kusini mbali na wa kaskazini mbali, miaka kumi na tano na zaidi kabla ya risasi ya kwanza. Waliacha kwanza kuswali pamoja. Wanafunzi wameona ni jambo dogo, wanataka tufike haraka kwenye mizinga.

Alhamisi, 30 Mei

Khalaf ametuita kwenye sabla wanaume kumi na moja wa ukoo. Khalifa na wake hawakuitwa. Habari ya posa imeshatoka na vijana wamechemka. Tamim, mtoto wa Khalaf, alikuja na karatasi yake aliyoiandika mwenyewe. Ilikuwa imewataja Khalifa na babu yake kwa majina, imewaita watumwa wazi wazi, na inataka wakatazwe kukaa popote isipokuwa mlangoni. Wazee wakaona aibu. Hakuna aliyesema ni uongo, walisema tu ni maneno makali.

"Tuandike nyengine ya kuwatuliza vijana," akasema Khalaf. "Ustadh Nadhir aandike. Ana khati na ana lugha."

Wote wakanigeukia. Nikajiambia, nikiandika mimi nitailainisha. Akiandika Tamim itakuwa fitina. Nikaomba kalamu. Nikaondoa majina yote, nikaondoa neno mtumwa, nikaandika kwa Kiarabu safi kwamba sisi wana wa ukoo huu tumekubaliana mabinti zetu waolewe na wanaolingana nasi kwa nasaba, na kwamba mapenzi na ujirani baina yetu na watu wote yabaki kama yalivyo. Ile sehemu ya mwisho niliifikiri mwenyewe na nikaionea fahari. Khalaf akanikumbatia. "Umetuokoa." Nikatia saini ya tatu.

Kahawa alimimina Tamim. Akaimwaga kwenye busati, watu wakacheka.

Nimerudi nyumbani nikijiona nimefanya kazi. Nimekunywa maji, nimekaa, na hapo ndipo nilipoiona ile ramani ya ubaoni, na mimi mwenyewe nimeshika chaki.

Jumapili, 2 Juni

Tamim ameipiga picha karatasi. Kufikia adhuhuri imo kwenye kila simu ya Ibra, imefika Al Mintirib, imefika Fanja kwa binamu zetu. Nusu ya watu hao niliwafundisha, wanaijua khati yangu. Wiam ameniletea picha ileile bila neno chini yake.

Jumatatu, 3 Juni

Leo sina budi kuandika kwa urefu.

Nilikuwa nafunga bomba uani. Khalifa akatokeza kichwa juu ya ukuta, simu mkononi.

"Khati yako nzuri, Nadhir."

"Khalifa, nisikilize. Ingekuwa mbaya zaidi. Tamim alitaka—"

"Najua alichotaka Tamim. Tamim mjinga, namsamehe. Hii kaandika mtu anayejua." Akaisoma ile sehemu ya mwisho polepole. "Mapenzi na ujirani yabaki kama yalivyo. Yaani mie niendelee kumimina."

"Mimi bado niko kwenye istikhara," nikasema. Kweli nilisema hivyo. Mikono yangu ilikuwa imerowa na sikujua niipeleke wapi.

Akazima simu yake. "Unakumbuka skuli, mwaka ule wa kwanza?"

Miaka hamsini nimekuwa nikingoja aniulize. Wala hakuna mtu niliyewahi kumwambia, si marehemu mke wangu, si mama. Nina miaka saba, mgeni, Kiarabu changu cha kubahatisha. Wavulana walituzunguka uwanjani, mimi na Khalifa, kwa sababu tulikuwa tunazungumza Kiswahili. Wakaniita mtumwa. Wakanivuta nywele kuzitazama. Khalifa alikuwa amesimama ubavuni kwangu, ameshika nusu ya mkate wake, nusu nyengine alinigawia mimi. Nikanyoosha kidole. "Mtumwa ni huyu," nikasema. "Si mimi. Muulizeni."

Wakaniacha, wakamchukua yeye. Walimsukuma kwenye falaji, ule mfereji wa kale unaogawa maji mashambani, pamoja na madaftari yake. Nilirudi naye nyumbani, kanzu yake inachuruzika njia nzima. Asubuhi akaja kunigongea twende skuli. Nilikuchukua kule kugonga kwake mlango kuwa ndio msamaha, nikakukalia maisha yangu yote.

"Nakumbuka," nikamwambia.

"Mie nilidhani ulikuwa mtoto," akasema Khalifa. "Miaka yote najiambia, alikuwa mtoto yule."

Akashuka ukutani. Nilisikia akifunga mlango wa uani kwake kwa komeo, na mlango huo sijawahi kuusikia ukifungwa mchana.

Jumatano, 5 Juni

Sina hamu ya chakula. Mama anasema ni joto.

Ijumaa, 7 Juni

Baada ya swala tulikaa kwenye sabla kama kawaida. Khalifa akaingia na wapwa zake wanne. Hawakukaa mlangoni, walikaa katikati, migongo wima. Dele lilikuwa kwenye makaa yake. Ikafika saa ya kahawa na hakuna aliyeinuka.

Watu thelathini wakawa wanatazama dele. Khalaf akakohoa. Mtu mmoja akauliza habari za mvua milimani Dima wa Tayyin, hakujibiwa. Nilitaka kuinuka mimi. Naapa niliyaambia magoti yangu yainuke. Lakini nikafikiri: nikisimama nitaonekana nimechagua upande, ngoja kidogo, labda mtu mwengine. Ndipo Khalifa akasimama, na aibu yangu ni kwamba nilishusha pumzi pamoja na wenzangu wote. Alilipita dele, akavaa viatu, akatoka, na wapwa zake wakamfuata.

Alhamisi, 13 Juni

Tumefunga skuli. Mazoon sikumjibu.

Jumatatu, 17 Juni. Idi

Swala mbili. Yetu uwanjani pa siku zote, yao nyuma ya skuli ya zamani. Takbira zao tulizisikia zikiingia katikati ya zetu. Khalaf alikuwa anahesabu kwa macho nani hayupo. Binamu zetu wawili walikwenda kuswali na akina Khalifa, ambao bibi yao mzaa baba alikuwa suria, na mpaka leo hakuna aliyewahi kuwauliza hilo. Sasa wanaulizwa. Mtaani kila mtu anachimba kaburi la babu wa mwenzake.

Niliswali ubavuni kwa Khalaf. Wiam hakuja kutoka Sur. Amempigia simu bibi yake kumpa mkono wa Idi, mimi hakuomba kuzungumza nami.

Jumatano, 26 Juni

Msimu wa mabsli umeingia, tende zile tunazozichemsha zikiwa bado manjano, kisha tukazianika. Miaka yote akina Khalifa ndio wanaosimama kwenye masufuria makubwa ya shaba shambani kwetu. Wao hujua kwa harufu lini za kuepuliwa. Mwaka huu hawakuja. Khalaf ameleta vibarua wageni ambao tende ikichemshwa hawajaiona tangu kuzaliwa, masikini ya Mungu, na sufuria ya kwanza ikatoka uji.

"Wametuhujumu," akasema Khalaf.

"Hawakufanya chochote."

"Ndiyo hiyo hujuma!"

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Mei. Kisha nikamwona kaka yangu, mzee wa miaka sitini na tano, anaokota tende zilizopasuka moja moja kwenye mkeka, jua la saa saba linamchoma. Nikainama nikamsaidia.

Jumamosi, 29 Juni

Tamim na wenzake wanapita na magari mbele ya nyumba ya Khalifa wakipiga honi. Nimemwambia Khalaf. Amesema ni vijana.

Jumanne, 2 Julai

Asubuhi ya leo ilikuwa zamu ya akina Khalifa kupata maji ya falaji. Tamim na wawili wengine wakauziba mfereji wao kwa mawe na gunia la saruji. Marzouq, mpwa wake Khalifa, alikuja kuzibua. Walianza kwa maneno, na maneno yenyewe yalikuwa yale ya karatasi yangu, Tamim ameyahifadhi kwa moyo. Kisha Tamim akanyanyua koleo.

Nilifika wakati wanambeba. Damu ilikuwa imeingia kwenye maji na wanawake wa mashamba ya chini walikuwa wanapiga kelele, wanafunga milango ya mifereji yao. Marzouq amepelekwa Nizwa. Yu hai, jicho la kushoto limekwenda. Tamim yuko polisi.

Kufikia laasiri yameshuka magari saba kutoka Dima wa Tayyin, jamaa zao. Wetu wamekuja kutoka Fanja. Bunduki ambazo sisi huzitoa harusini tu, kupiga hewani, leo nimeziona zimeegeshwa kwenye ukuta wa sabla, na vijana wanazifuta kwa kitambaa. Gari la polisi limesimama katikati ya mtaa, askari wamo ndani wanakunywa maji. Lisingekuwa hilo, sijui tungekuwa wapi saa hizi.

Wanabishana nani ameanza. Wetu wanasema Marzouq, wao wanasema Tamim, wenye busara wanasema ile karatasi. Mimi nafundisha hivi kwa kazi, kila mwaka nawauliza watoto vita vilianza lini, na nawakata maksi wakinipa tarehe ya risasi ya kwanza. Hivi vya kwetu vimeanza tarehe kumi na mbili Mei, baada ya laasiri, kwenye kochi la sebuleni kwangu. Ningesema neno moja tu siku ile. Hata la hapana lingekuwa bora.

Jumamosi, 6 Julai

Bado gari la polisi lipo. Marzouq anafunga ndoa Desemba.

Jumanne, 9 Julai

Nimepata wito wa mahakama. Wiam amenishitaki kuwa mimi ni walii, msimamizi wa ndoa, aliyemzuia binti yake kuolewa bila sababu. Jina lake juu, langu chini, na katikati neno "dhidi". Mama ameniuliza nasoma nini. Nimemwambia bili ya umeme.

Jumatano, 10 Julai

Nimekwenda kwa Khalifa. Nimepita mlango wa mbele, mimi ambaye sijui hata kengele yake iko wapi. Wamenikaribisha kwa adabu zote, tende, kahawa, habari za mama. Afadhali wangenitukana.

"Nimekuja kukubali," nikasema. "Wiam ni wenu. Nilikosa, Khalifa. Tangu ule uwanja wa skuli mpaka leo, nilikosa."

Maen alikuwa amesimama mlangoni, amejikaza.

"Wito wa mahakama umeupata lini?" akauliza Khalifa.

"Jana."

"Lau ungekuja juzi." Hakuwa na ukali wowote. "Sina neno nawe ndani ya nyumba yangu. Hayo uliyoyasema kayaseme kwa hakimu, Khalaf akikusikia."

Nikarudi, nikatia udhu, nikaswali istikhara. Ndiyo ya kwanza. Miezi miwili nimemsingizia Mungu kwamba Yeye ndiye anayechelewa kunijibu.

Jumatano, 24 Julai

Chumba cha mahakama kilikuwa na baridi ya kiyoyozi. Khalaf na binamu wanne walikaa nyuma yangu. Sikuwaita, wamekuja kunipa nguvu, hivyo ndivyo walivyosema. Khalifa na Maen walikaa ng'ambo. Wiam alikuwa peke yake mbele, faili kwenye mapaja, amekonda.

Hakimu ni kijana, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Akasoma madai. Akamuuliza Wiam juu ya dini ya Maen, tabia yake, kazi yake. Akanigeukia.

"Unaipinga ndoa hii?"

Khalaf akakohoa nyuma yangu.

"Siipingi," nikasema.

Viti vikakwaruza sakafu. Sikugeuka. Nilisikia bakora ya kaka yangu ikienda mpaka mlangoni, na miguu ya wengine nyuma yake, kisha mlango. Najua hatalala tena karibu na mlango wangu.

Hakimu akavua miwani. "Kabla ya leo ulikuwa ukiipinga?"

"La."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Basi binti yako anafanya nini hapa?"

Akajibu Wiam.

"Baba hakukataa, fadhilat al-qadhi. Alikuwa anaswali istikhara."

Karani akatabasamu, akaona ni uchamungu. Khalifa alitazama chini.

Hakimu akafurahi kwamba kesi imekwisha. Akasema baba yupo, ameridhia, mchumba yupo, mashahidi wapo, kheri haina haja ya kungoja, aqdi ya ndoa ifungwe hapahapa. Maen akaja mbele akaninyooshea mkono. Nami nikanyoosha wangu. Tangu Wiam alipozaliwa nimekuwa nikiyafanyia mazoezi maneno yale, nimekuozesha binti yangu, njiani nikienda skuli, peke yangu kwenye gari.

"Nina ombi," akasema Wiam. "Nataka wewe, hakimu, uwe walii wangu."

"Baba yako yuko hapa na amekubali. Haki ni yake. Siwezi kumnyang'anya."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana naomba."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na ningeshukuru angekuwa nayo. Alikuwa amechoka, na alikuwa ananitazama kwa namna ya mtu aliyeshakata tamaa ya kujibiwa. Nikahisi maneno yale yananipanda kooni, nipe muda, mwanangu, niache nifikiri. Yalikuwa yameshafika kwenye meno.

"Hakimu," nikasema, "nakufanya wewe wakili wangu. Muozeshe kwa niaba yangu."

Katika yote aliyoniomba msimu huu, hilo ndilo pekee nililompa siku ileile. Karani akaandika, nikatia saini. Hakimu akaushika mkono wa Maen, nami nikarudi nyuma, nikakaa pamoja na watu waliokuwa wanangojea kesi zao.